Mbuzi Asiyeuzwa

Juzi mmoja wenu alinisimamisha njiani hapa Kasongo, koti lake jeupe limekunjwa chini ya kwapa. Aliniuliza kama ni kweli sheria ya waganga wa wanyama inaandikwa upya, na kama ikiisha kuandikwa yeye atapata kazi. La kwanza nilimjibu kwamba ni kweli, inaandikwa. La pili sikulijibu kwa sababu silijui. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani, na sasa nawaandikia ninyi nyote mnaosoma mifugo. Nataka niwasimulie niliyoyaona Wamaza mwaka huu, nilipokwenda kuondoa matanga ya mke wangu. Ni habari ya mbuzi mmoja, na baadaye wa pili. Sheria mtaiona humo humo.

Sikuwa daktari. Nilisoma sekondari miaka michache, kisha nikafundishwa kazi kwa mikono, nikawa muuguzi wa mifugo kati ya Kasongo na Kabambare mpaka nilipostaafu. Watu waliniita muganga wa nyama, yaani wa wanyama, nami niliitika. Chanjo niliibeba katika termosi iliyoviringishwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, na barafu niliiomba kwa masista waliokuwa na friji ya mafuta ya taa. Pikipiki ikizama kwenye tope, ilibidi niamue upesi: nivute pikipiki, au nibebe termosi kwa miguu kabla barafu haijayeyuka. Mara nyingi pikipiki ililala njiani.

Aliyenifundisha ni mzee Kalonda, marehemu. Alivaa kofia ya kazi yenye ukingo mgumu, hata siku za mapumziko. Somo lake la kwanza lilikuwa kusimama mbali. Alisema, ukimgusa mbuzi kabla ya kumtazama, atakuonyesha woga wake na kuuficha ugonjwa wake. Simama, mwangalie anavyogombania majani na wenzake. Mbuzi asiyegombania majani ana neno.

Somo la pili lilikuwa kamba ya termometa. Termometa ya mbuzi huingizwa nyuma, na hufungwa kamba inayobanwa kwenye manyoya ya mkia. Siku moja, pale Kabambare, niliiona kamba hiyo ni usumbufu mtupu. Mbuzi akanichomoka, akaingia sokoni, termometa inametameta chini ya mkia wake. Akina mama waliacha unga wao wakashika mbavu. Mzee Kalonda hakunigombeza. Alisema tu, "Umufuate polepole. Akikaa chini, tumepoteza vyote viwili." Nikazunguka soko zima nikimbembeleza mbuzi kwa majani ya viazi vitamu, huku watoto wakinisindikiza kama bwana harusi. Tangu siku ile sikuacha kamba tena.

Mzee huyo pia alinifanya niisome sheria kwa sauti. Ile tuliyokuwa nayo iliandikwa enzi za Wabelgiji, na mimi tangu siku ya kwanza nilitaka kujua aliyeiandika aliwahi kufika kwetu au hakufika. Ilizungumza habari za ng'ombe, mbwa na farasi. Farasi sijamwona mpaka leo ila kwenye picha. Ilitaka mnyama anayepelekwa kuuzwa akaguliwe kwanza. Nikamuuliza mzee, na yule anayekwenda kwa mahari?

Akasema, "Huyo hauzwi."

Kisha akaongeza, "Na ndiye anatembeaka kuliko wote."

Ninyi mmezaliwa hapa, hamhitaji kufafanuliwa. Kwetu mbuzi wengi hawajui soko. Huzaliwa uwanjani, wakahama kwa ndoa, kwa matanga, kwa kumaliza ugomvi, kwa kumshukuru mjomba. Mbuzi wa mahari hachinjwi ovyo, huwekwa azae, na watoto wake huoa tena. Kwa hiyo ugonjwa ukiingia katika mbuzi mmoja, hupita njia zilezile wanazopita mabibi harusi. Mzee Kalonda aliwahi kwenda kusimama mlangoni pa arusi, kofia kichwani, awazuie mbuzi wasiokaguliwa. Walimpokea vizuri sana. Walimpa kiti kizuri, wakamwekea wali na kuku, wakamuuliza habari za watoto. Alipomaliza kunawa mikono, mbuzi walikuwa wamekwisha pitishwa nyuma ya nyumba. Alirudi ameshiba na ameshindwa.

Sasa nifike Wamaza, kwa wakwe zangu.

Mke wangu Feza alitoka huko, katika ukoo wa Waislamu. Mimi ni Mkristo wa Kasongo. Tulioana kwa heshima ya pande zote mbili, na mbuzi wa mahari niliowatoa walikuwa na alama: mama yao alikuwa na sikio moja jeupe, la kushoto. Miaka mingi baadaye, tulipokuwa na watoto wakubwa, ikatokea arusi nyingine katika ukoo huo. Bwana harusi alitoka upande wa Kabambare, akaleta mbuzi wazuri, wanene. Waliingia uwanjani kwa nyimbo. Hawakukaa sana, wakaanza kutoa machozi na kamasi, midomo ikachubuka ndani, wakaharisha. Ilikuwa ile sotoka ya mbuzi tunayoiita peste. Haina dawa ya kuiponya, ina chanjo tu, na chanjo ilikuwa mbali. Kundi la ukoo likaisha karibu lote.

Wakwe zangu hawakusema ni peste. Walisema wametegewa uchawi. Yule binti aliyeolewa akaitwa nyumbani, akarudi na sufuria zake kichwani. Mimi niliitwa nikaeleza habari za vijidudu, na nilieleza vizuri, nadhani. Walinisikiliza kama wanavyosikiliza redio ya nchi nyingine.

Aliyelimaliza jambo ni Feza. Alikuwa amekaa na wanawake, anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Alisema, "Mwanaume akija kuposa, tunamuchunguza yeye, mama yake na bibi yake. Anakaa kwa mshenga mpaka tumjue. Lakini mbuzi yake tunaifungulia mulango siku ileile. Kwa nini? Mbuzi ndiye mutakatifu?"

Wanawake wakacheka. Wanaume wakacheka baadaye kidogo. Na tangu hapo, bila karatasi, bila muhuri, Wamaza wakawa na desturi mpya iliyovaa nguo za zamani: mbuzi yeyote anayekuja kwa ukwe hufikia kwanza kwa mshenga, yule msemaji wa kati ya koo mbili. Hukaa pale mpaka soko la Wamaza, la kila wiki, lipite mara tatu. Mshenga anayefaa ni yule asiyefuga mbuzi. Ndiyo maana mzee Ramazani, ambaye hufuga bata tu, akawa mshenga anayetafutwa kuliko wote, ingawa kwa kusema si hodari. Anayemlisha mbuzi huyo ana kamba yake, ndoo yake, na akitoka hukanyaga majivu mlangoni na kunawa. Na mwenye mbuzi hulala hapohapo kwa mshenga pamoja naye, kwa sababu Feza alisema mgeni hamwachi mwenziwe peke yake.

Wa kumtazama mbuzi alichaguliwa Zaina, mdogo wake Feza. Diploma hana. Nilimfundisha mimi kuchanja, na dokta mmoja aliyewahi kupita akamwongezea. Kuku huwachanja kwa tone la jichoni, mbuzi kwa sindano chini ya ngozi, na kila chanjo ikifika Kasongo humpigia simu mtu aipakie kwenye pikipiki. Vijiji vya jirani vimemzoea. Tangu desturi ile ianze, Wamaza ilipoteza mbuzi wengi kwa peste mara moja tu, na hiyo nitawaeleza mbele.

Feza alifariki mwaka jana baada ya mvua za kwanza. Sitawaandikia habari za ugonjwa wake.

Kwa ukoo wao, mjane mwanamume huondoa matanga kwa kupeleka mbuzi jike. Hachinjwi. Anaingia katika kundi la wakwe ili undugu usikatike kwa kifo. Mpaka mbuzi huyo aingie, mwanamume hanyoi ndevu, wala haingii ndani ya uwanja wa wakwe. Mpwa wangu wa Nyangwe alinipa mbuzi mzuri mweusi, mtulivu. Nilimtazama kwa mbali, kisha kwa karibu, nikampima joto, kamba imefungwa. Nikaridhika.

Wiki hiyo ya kujiandaa, watu wa mkoa walikuja Kasongo kukusanya maoni juu ya sheria mpya. Tulikaa katika ukumbi wa parokia, nami niliitwa pamoja na wastaafu wengine. Walitusomea rasimu. Ilikuwa na mengi mazuri: dawa za mifugo zisianikwe juani juu ya mkeka pamoja na sabuni, daktari asajiliwe, mwenye kukagua nyama alindwe asitishwe na wenye nyama. Nilifurahi. Farasi nao hawakuwamo. Ila kulikuwa na vifungu viwili vilivyonikaa rohoni. Kimoja kilisema asiye na diploma asishike sindano wala asiamuru mnyama azuiwe. Cha pili kilisema mnyama anayeuzwa au kununuliwa akaguliwe kabla ya kuhama.

Nilinyoosha mkono. Niliuliza, kwa sababu nilitaka kujua kweli, sheria itamwona vipi mbuzi asiyeuzwa. Na je, kule Wamaza, mama anayechanja mifugo ataacha lini?

Watu walicheka kidogo, labda kwa sababu ya ndevu zangu. Hakucheka mwanasheria wao, binti mmoja wa Kindu waliyemwita Metre Solange, maana Metre ndiyo heshima ya wanasheria kwetu. Mapumziko yalipofika alinifuata, akaniomba nimsimulie upya habari ya mshenga, polepole. Akaniambia yeye alikulia mjini, mahari ya dada zake ilitolewa kwa bahasha, na wazo la mbuzi wa ndoa halikumjia hata kidogo alipokuwa akiandika. Alikuwa na safari ya Kabambare kwa kazi hiyohiyo, na Wamaza iko njiani. Tukaondoka pamoja, pikipiki mbili, yeye na dereva wake mbele, mimi nyuma na mbuzi katika tenga.

Zaina alitupokea nje ya kijiji. Shemeji zangu hawa hawaniachi salama hata siku ya kilio, ndiyo desturi.

"Karibu shemeji," alisema. "Ni nani kati yenu ndiye mbuzi? Mimi naona ndevu mbili."

"Mwenye adabu ndiye mbuzi," nikamjibu.

Alimtazama yule mweusi kwa mbali muda mrefu. Hakumgusa. Kisha akasema ni mzuri, na kwamba sote wawili, mimi na mbuzi, tupelekwe kwa mzee Ramazani.

Hapo ndipo ugomvi ulianza. Sumaili, kaka mkubwa wa Feza, alikuwa ameandaa dua siku ileile, wageni wamekwisha fika, sufuria ziko motoni. Alisema desturi ya kungoja ni ya mbuzi wa watu wa mbali. Huyu ni muganga mwenyewe. Kama mbuzi wa muganga anazuiwa, wa nani ataingia? Ndugu zangu wawili waliokuja kutoka Kasongo wakamuunga mkono, wakasema ni aibu marehemu kungojeshwa. Na mimi, niwaambie ukweli, moyoni nilikuwa upande wao. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka niingie nikae mahali Feza alipokuwa akikaa.

Zaina hakupandisha sauti. Alisema, "Kaka, dada ndiye alileta hii neno. Leo tulivunje juu yake yeye?"

Sumaili akageuka, akaenda kuwaambia wageni waanze kula.

Metre Solange alikuwa amesimama kando, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ni sheria gani inamupa huyu mama nguvu ya kukukatalia?"

Nikafikiri. "Hakuna," nikasema. "Ni shemeji yangu."

Akatikisa kichwa, akabaki anawaza. Asubuhi akaendelea na safari ya Kabambare, akaahidi kupita tena akirudi.

Nikakaa kwa mzee Ramazani na mbuzi wangu na bata wake. Mjaribu siku moja kulala kwenye nyumba ya bata, mtajua wanavyozungumza. Mzee mwenyewe ni mtu wa maneno machache. Tuliketi, tukala ugali wa muhogo na mboga ya sombe, tukamtazama mbuzi. Watu wa ukoo walikuja kunisalimu pale nje, kila mmoja na lake kuhusu Feza: alivyokuwa akiogopa vyura, alivyomkatalia mtu fulani kabla yangu kwa sababu alikula haraka mno. Hayo ya mtu fulani sikuyajua. Niliuliza sana, hawakunitajia jina.

Soko la kwanza lilipita. Kabla ya la pili, asubuhi moja, nilimtupia mbuzi majani naye hakuyakimbilia. Nikajiambia ni uvivu. Zaina alifika akasimama mbali, kama mzee Kalonda. Halafu akasogea, akashusha mdomo wa chini wa mbuzi, akaniita niangalie. Ufizi ulikuwa na vidoa vyeupeupe, kama pumba za mahindi zilizoganda. Macho yameanza maji.

Sote tulijua ni peste. Kutoka pale mlangoni kwa Ramazani tuliweza kuona kundi la ukoo likienda malishoni ng'ambo ya njia, na katikati yake wale wenye sikio jeupe la kushoto. Ni wajukuu wa vitukuu vya mbuzi niliowatoa kwa mahari. Wamo bado. Kundi lilipokwisha katika ile peste ya kwanza walibaki wawili wa aina hiyo, na Zaina aliwatunza mpaka wakawa wengi tena. Kama dua ya Sumaili ingefanyika kama ilivyopangwa, mbuzi wa kumuaga Feza angewaua mbuzi waliomwoa.

Yule mweusi alikufa baada ya siku chache. Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nyangwe kuniambia na kwake wameanza kufa. Tulipata chanjo kidogo kutoka Kasongo, Zaina akawachanja wote wa Wamaza waliokuwa wazima. Kuhusu mzoga, Zaina alisema hauliwi, unazikwa kwenye shimo refu, hata ngozi. Mnajua ugumu wa neno hilo kijijini. Aliyechukua jembe ni Sumaili. Alichimba peke yake, hakutaka kusaidiwa, na alipomaliza alikanyaga majivu, akanawa, akakaa karibu nami. Akaniuliza mbuzi wa pili nitamtoa wapi. Ndiyo ilikuwa samahani yake, nami niliipokea.

Metre Solange alirudi kutoka Kabambare akatukuta katika hali hiyo. Alitaka kuona shimo, ndoo, majivu, kila kitu. Kisha akakaa na Zaina kwenye kigogo, mimi nipo, mzee Ramazani yupo. Akamwambia wazi kwamba rasimu jinsi ilivyo ingemzuia kazi hii. Akamuuliza analionaje.

Nilidhani Zaina atakasirika. Hakukasirika. Alimsimulia ile mara moja ambayo mbuzi wengi walikufa baada ya desturi kuanza. Mkubwa mmoja alikuja kuoa, na mbuzi wake wakafikishwa moja kwa moja uwanjani. Zaina aliwazuia njiani. Yule mkubwa akamuuliza, wewe ni nani? Zaina hakuwa shemeji yake, wala dada, wala mtu wa ukoo wake. Mbuzi wakaingia.

"Kwa watu wangu, neno langu linatosha," alimwambia Metre. "Kwa mutu mwenye nguvu halitoshi. Pale ndipo mimi natafutaka sheria, na siioni. Sasa ninyi munaileta, lakini inakuja kunikamata mimi."

Metre akauliza, "Unataka iseme nini, mama?"

"Sitaki inipende. Inipime. Nikishindwa, niweke sindano chini. Lakini isiandike kama vile Wamaza hakuna mutu."

Metre alifungua kompyuta yake ndogo pale juu ya kigogo, bata wakimchungulia miguuni, akaandika, akatusomea. Sikumbuki maneno yote. Alikuwa ameondoa ile ya kuuzwa na kununuliwa, akaweka mnyama anayehama kutoka zizi moja kwenda jingine kwa sababu yoyote ile. Akaongeza kwamba msaidizi wa kijiji, akiisha kufundishwa na kupimwa, anaweza kuchanja na anaweza kumzuia mnyama, akisimamiwa na daktari.

"Daktari yupi?" akauliza Zaina.

"Wa Kasongo."

"Na barabara hii? Atanisimamia kwa darubini?"

Hata mzee Ramazani alicheka, naye hacheki. Lakini lilikuwa swali la kweli, na Metre alilichukua hivyo. Walizungumza kirefu habari za simu na picha, na ni mara ngapi daktari angeweza kufika kwa mwaka barabara ikiwa nzuri, na nani atajibu kama msaidizi amekosea na mbuzi wa mtu amekufa. Hilo la mwisho hawakulimaliza. Zaina alisema akikosea yeye ajibu mwenyewe. Metre alisema sheria haiwezi kuwa rahisi hivyo, kwa sababu siku nyingine msaidizi atakuwa mtu asiye kama yeye. Nikaona kwamba wote wawili wana haki. Mimi niliyefanya kazi maisha yangu yote chini ya sheria ya farasi, sikuwahi kukaa karibu na mtu anayeiandika. Nilikuwa nadhani sheria hushuka imekwisha iva.

Basi ninyi vijana, mtakaokuwa madaktari, huyo anayeandikwa kumsimamia Zaina ni mmoja wenu. Swali lile la njiani, kama mtapata kazi, sijui bado. Lakini kazi yenyewe nimewaonyesha. Mtakapofika kijijini mkiwa na muhuri, ulizeni kwanza mbuzi hufikia wapi kabla ya kuingia. Kila mahali patakuwa na jibu lake, na pengine hakuna jibu, na hapo mtakuwa na kazi kubwa. Na fungeni kamba ya termometa.

Metre alinipigia simu wiki iliyopita. Vifungu vyake vimepokelewa katika rasimu ya mkoa, lakini rasimu yenyewe ingali safarini, itajadiliwa tena juu, na tena juu zaidi. Anaweza kukuta wamevifuta. Ameniambia hivyo bila kunificha, na nimempenda kwa hilo. Nilipomfikishia Zaina habari hiyo, alisema hata sheria nayo ingoje masoko yake, itazamwe mdomo.

Mbuzi wa pili nilimpata hapohapo upande wa Kabambare, wa rangi ya majani makavu, mtundu, aliyekuwa akigombania majani hata na bata. Nikakaa naye kwa Ramazani tangu mwanzo tena, ndevu zangu zikafika kifuani. Soko la kwanza likapita, la pili likapita. Kesho yake ya soko la tatu Zaina alikuja mapema pamoja na Sumaili. Alisimama mbali. Akasogea. Akashusha mdomo wa chini, akaangalia macho, akanyanyua mkia. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Sumaili, mkubwa wa ukoo, alisimama nyuma yake akingoja kama sisi wengine.

Zaina akafungua kamba kwenye mti, akamwongoza mbuzi kuvuka njia, nasi tukafuata. Mlangoni pa uwanja nikasimama, kama nilivyozoea. Mbuzi akaingia. Wenye sikio jeupe wakamzunguka, wakamnusa, mmoja akampiga pembe kidogo ya kumkaribisha, kisha wakamwacha ale.

Zaina akageuka akaniona bado nimesimama nje.

"Ingia na wewe, shemeji," akasema. "Umekwisha kungoja."